Bibi Harusi Aliyetoweka Langoni

Turubai lilikuwa limekunjwa, na hilo ndilo lililomkosesha raha Inspekta Abdulaziz Chirau. Limekunjwa kona kwa kona, likalazwa juu ya jukwaa la saruji nje ya lango la hoteli, kisha likawekewa jiwe lisipeperushwe na upepo. Mwizi gani huyu, jamani? Anaiba sanamu iliyo ndefu kuliko mlango, halafu anakaa kitako kukunja turubai la wenyewe!

"Labda ni mwizi msafi," alisema Koplo Mbithe, akipiga picha kwa simu.

"Ushawahi kumwona wa namna hiyo?"

"La, afande. Lakini wetu tunaye tayari. Ndolo yuko ndani."

Mbithe alikuwa amehamishiwa Diani kutoka Makueni mwaka huu huu, na hakupenda kesi ilale. Jana jioni, mara tu ripoti ilipofika kwamba sanamu imetoweka alasiri, alikwenda Ukunda akamkamata Ndolo, mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa katika yadi yake palipatikana gunia la vizibo na vichupa vya aina ile ile iliyoshonewa sanamu. Ndolo alikuwa mtu wa kwao Mbithe, lakini hilo halikumtikisa hata chembe. Yadi ilitiwa kufuli. Jumatatu angepelekwa mahakamani Kwale.

Tena Mbithe alikuwa na kinyongo na mkubwa wake. Jana hiyo hiyo alasiri walikuwa wakitoka doria, na pale njia panda Chirau alishuka garini, akasimamisha tuktuk, bodaboda na magari ya watalii ili harusi ipite, mwenyewe ameinamisha kichwa kama maamuma. "Kwetu harusi husubiri magari," Mbithe alimwambia. "Kwetu magari husubiri harusi," Chirau alimjibu, na kwa jibu hilo alijiona mtu mwenye adabu zake.

Sasa Chirau alichutama. Miwani yake ya jua ilimteleza puani kwa jasho. Ilikuwa ya tatu tangu Ramadhani, zote za wachuuzi wa Ukunda. Ya pili ilivunjika mkono, akaifunga kwa uzi mwekundu, ikavunjika tena, akaitupa asikumbuke hata wapi. Alizitazama kamba za makumbi zilizokuwa zimeifunga sanamu kwenye jukwaa. Hazikukatwa. Zilikuwa zimefunguliwa fundo kwa fundo, zikaviringishwa. Mchangani hapakuwa na alama ya tairi, ila nyayo tu, nyingi, zimepishana hata hazisomeki. Kando ya jukwaa palikuwa na majivu kidogo. Aliyachota kwa vidole akayanusa.

"Petroli?" Mbithe aliuliza.

"Udi."

"Mwizi anafukiza udi?"

"Ndilo ninalojiuliza."

Usidhani ilikuwa sanamu ya mchezo. Akina mama wa Mwabungo, wakiongozwa na Bi Subira, walikuwa wameokota ufukweni mwaka mzima na zaidi: ndara, miswaki, vizibo, vifuniko vya chupa za chai, na ile mifuko iliyopigwa marufuku zamani ambayo bahari inairudisha mpaka leo. Kwa takataka hizo wakamtengeneza bibi harusi. Gauni la mifuko, dhahabu ya vizibo, hina iliyochongwa kwenye soli za ndara. Kila kitu ambacho watu walikinunua kwa mbwembwe wakakitupa kwa siri, kilikuwa mwilini mwake. Uso hawakumtia, walimfunika shela ya wavu mkuukuu, basi. Ukunda nzima ilikuwa ikimzungumza, ingawa wengi, Chirau mmojawapo, hawajamwona ila turubai lake.

Meneja wa hoteli, Bwana Mwanzia, alitoka langoni akipangusa shingo kwa leso.

"Inspekta, wageni wanakuja kesho. Kuna watu wa magazeti. Nitawaonyesha nini, saruji?"

"Sanamu ni ya nani, Bwana Mwanzia?"

"Yetu. Jukwaa letu, kiwanja chetu."

"Mmeshakabidhiwa?"

"Hiyo ndiyo sherehe ya kesho. Bi Subira atatamka neno mbele ya wageni, tunakata utepe, imekwisha."

"Na ingekaa hapa barabarani?"

"Mwanzo tulisema hivyo. Lakini nimeona ndani ni bora, karibu na bwawa la kuogelea. Kuna usalama. Na ule mkia wa gauni tungeupunguza kidogo. Una vitu vingi."

"Vitu gani?"

Meneja akageuka kuutazama ukuta wake mweupe. "Vichupa vya shampuu. Sapatu za vyumbani. Vina jina letu, unaelewa. Haipendezi."

"Bi Subira alilijua hilo?"

"Nilimwambia juzi. Hata hakubisha. Alisema, 'Taib, tutaonana inshallah,' akaenda zake."

Chirau aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Mwanamke wa Mwabungo akikubali jambo kwa wepesi namna hiyo, ujue hajakubali. Lakini kuna kujua na kuna kuthibitisha. Akina mama wangeipitishaje sanamu ile mchana, mbele ya lango lenye mlinzi, bila gari wala mkokoteni?

Kituoni, Ndolo aliletwa akiwa peku, mkanda umechukuliwa, suruali ameishika kwa mkono. Alikuwa mtu mpana mwenye sauti ndogo.

"Bosi, niibe hiyo kitu nifanyie nini? Mimi nauza chuma. Mle ndani hakuna chuma."

"Hakuna kabisa?"

"Ni mianzi tupu. Walipokuwa wanaijenga nilienda kuwauzia fremu ya chuma. Bi Subira akanicheka. Akasema wanataka nyepesi, eti bibi harusi hapakiwi kwenye mkokoteni."

Chirau alimtupia Mbithe jicho. Mbithe alikuwa ameacha kuandika.

"Na lile gunia la yadini?"

"Mabaki yao. Waliniletea wenyewe. Si mngewauliza?"

"Uliwauliza, Koplo?"

"Bado, afande."

"Hamkuuliza," Ndolo alisema, na sasa sauti ilipanda. "Mmenitoa mbele ya wateja wangu kama mwizi wa kuku. Hapa Ukunda nimekaa miaka, sijawahi kununua waya wa stima wala kifuniko cha mtaro, na wamenijia nazo, nikawafukuza. Hii jina ya mwizi ikinishika, nani ataniuzia hata msumari? Nthambi amekuja na chai, mkamrudisha mlangoni. Mke wangu anarudishwa na chai mkononi!"

Alijua watu wa Ukunda; jina likishachafuka sokoni, hata hakimu akikuachilia, soko halikuachilii.

"Chai italetwa," alisema. "Na mimi nitarudi."

Baada ya swala ya Ijumaa alirudi langoni. Zamu ilikuwa ya Mzee Nzai, mlinzi wa siku nyingi, kanzu fupi juu ya suruali ya kazi, rungu limeegemezwa ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kutwa?"

"Njema, alhamdulillahi. Jana alasiri ulikuwa hapa?"

"Hapa hapa, kitini."

"Hukuondoka? Hata kwenda msalani?"

"Sikuondoka."

"Alipita nani?"

"Hakupita mtu."

"Mtu yeyote, mzee. Jaribu kukumbuka."

"Nimeshakwambia hakupita mtu. Gari za wageni mbili tatu. Na harusi, basi."

Kalamu ya Chirau ikasimama. "Harusi ipi?"

"Harusi, bwana! Akina mama wanampeleka bibi harusi. Matari, vigelegele, udi, leso zimeshikwa pande zote. Wakasimama hapo nje kitambo wakiimba, kisha wakashika njia."

"Uliwaona ni akina nani?"

"Niwaone vipi?" Mzee Nzai alikasirika kweli kweli. "Mtu mzima kama mimi nikae nikiwakodolea macho wanawake wa watu na bibi harusi wao? Niligeuza kiti nikautazama ukuta mpaka wakapita."

"Uligeuza kiti!" Mbithe alimaka. "Na wewe ndiye mlinzi!"

"Binti yangu, nimeajiriwa kulinda lango, sikuajiriwa kuvunja adabu."

Chirau hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akiitazama barabara. Kulia ukuta wa hoteli, kushoto ukuta wa hoteli, mbele yake hoteli nyingine, kisha msitu. Hapakuwa na nyumba ya mtu kipande kile chote.

"Mzee Nzai," alisema polepole, "harusi hiyo ilitoka nyumba ya nani?"

Mzee aliinuka kitini. Akaitazama barabara yeye naye, huku na huku, kama mtu anayetafuta mbuzi wake.

"Loo," alisema.

"Ilifika hapa ikiwa na bibi harusi, au ilifika bila yeye ikaondoka naye?"

"Wallahi sijui. Mimi nilikuwa nautazama ukuta."

Damu ilimpanda Chirau usoni, kwa kuwa alikuwa akiiona tena njia panda ya jana: leso za rangi rangi zimeinuliwa juu, na chini ya leso yule bibi harusi mrefu kuwapita wote, mrefu kiasi kwamba hata yeye Chirau, kichwa ameinamisha, alijisemea mashallah, huyu wamemlisha nini?

Mbithe alikohoa. "Afande. Ile harusi yetu ya jana..."

"Nyamaza, Mbithe."

"Tuktuk zote ulizisimamisha wewe."

"Nimesema nyamaza."

Lakini alikuwa akicheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa. Wizi wa mchana kweupe, na matari juu, na polisi mwenyewe akisafisha njia! Katika kazi yake yote hakuwahi kuona mpango kama ule. Alitamani aliyeubuni asiwe na hatia, maana asingependa kumfunga.

Huko Mwabungo, Chirau na Mbithe walikaribishwa na harufu ya udi kabla ya kupiga hodi. Bi Subira alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, sindano ya magunia mkononi, akishona kitu cheupe. Wenzake wanne watano walikuwa pembeni yake, na walipowaona polisi hakuna aliyeinuka.

"Hodi, hodi. Shikamoo, Bi Subira."

"Marahaba, mwana wa Chirau. Karibuni mkekani. Twaiba, waletee kahawa."

Walikaa. Wakaulizana hali mpaka zikaisha. Kisha Chirau akauliza.

"Bi Subira, bibi harusi yuko wapi?"

"Yuko kwao."

"Kwao wapi?"

"Hapa." Sindano iliingia, ikatoka. "Bibi harusi ambaye hajaozwa hukaa wapi kama si kwao?"

Nyuma ya jiko, juu ya ua wa makuti, palichomoza kitu kirefu kilichofunikwa leso. Mbithe alikiona, akashika mkoba wa pingu. Chirau akamwashiria atulie.

"Kwa nini, mama?"

"Yule bwana alituahidi barabarani. Tulitaka apite mtalii amwone, apite mchuuzi, apite mtoto anayekwenda chuoni kusoma Kurani, na mwanamke anayetoka dukani kwa mfuko uliojaa. Kila mtu amtazame halafu ajitazame na yeye. Kisha juzi ananiambia atamtia ndani penye bwawa, na gauni atalipunguza. Ushasikia wapi bwana harusi akakata gauni la binti ya watu kabla hajamwoa?"

"Sijasikia."

"Nami sijasikia. Na usidhani tumetundika taka zake peke yake. Mle mna za kwetu. Mna pakiti zangu mimi za sabuni na vichupa vya jikoni kwangu, maana sikutaka kumnyooshea mtu kidole mimi nimejificha. Sisi tumezishona zetu mbele. Yeye anataka zake zifichwe."

"Mngeripoti kwetu."

"Turipoti nini? Kwamba tunakwenda kumchukua mtoto wetu?" Alimtazama usoni, bila woga wowote. "Hatukwenda usiku. Tulikwenda mchana, tumevaa vizuri, tunaimba. Turubai la watu tukalikunja. Na kesho tungemtoa hadharani, yule bwana aone, sote tuone. Tena ahsante kwa kutusimamishia magari. Twaiba alibeba mkia, mkono ulikuwa unamfia. Ulimwokoa."

Baraza zima likaangua kicheko. Hata Mbithe alijifunika mdomo. Chirau aliacha kicheko kiishe, akaweka kikombe chini.

"Kuna mtu yuko seli tangu jana kwa ajili ya bibi harusi wenu. Ndolo wa vyuma chakavu."

Sindano ya Bi Subira ikasimama.

"Ndolo? Nani amesema Ndolo?"

"Yadini kwake mna gunia la vichupa na vizibo."

"Ni mabaki yetu! Nilimpelekea mimi, kwa mikono yangu." Alikuwa ameshainuka, na uso umebadilika. "Twaiba, niletee buibui langu."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kituoni. Kama lazima mtu alale ndani, nitalala mimi. Kazi hii tumeifanya tuinue vichwa. Hatutaviinua juu ya mgongo wa mtoto wa watu, awe wa hapa, awe wa bara. Mwambieni mkewe ninakuja."

Hakuna aliyemzuia. Wenzake nao waliinuka mmoja mmoja, wakaanza kutafuta viatu, na Chirau akaona baraza zima linajipanga kwenda kujikamatisha. Moyo ulimjaa. Hawa ndio watu wa kwao, na alijivuna nao waziwazi, kazi iwe kazi.

"Kaeni kwanza," alisema. "Nina swali moja tu, na nijibiwe sawasawa. Mlishamkabidhi Bwana Mwanzia sanamu?"

"Bado. Ni kesho."

"Mlitia sahihi popote?"

"Ni neno tu. Na neno lenyewe amelivunja yeye."

Chirau alitoa simu, akapiga, akaiweka sauti wazi ili wote wasikie.

"Bwana Mwanzia, uliniambia mnakabidhiwa lini?"

"Kesho. Mmeipata?"

"Basi jana ilikuwa mali ya nani?"

Mbithe akajisogeza karibu na simu.

"Inspekta, jukwaa ni letu," sauti ilisema.

"Jukwaa lipo palepale. Na turubai lako wamelikunja vizuri. Hujaibiwa kitu, bwana. Hujaozwa tu."

Vigelegele vilivyopigwa barazani vilimfanya meneja akate simu. Mbithe alikuwa tayari ameinuka, funguo za gari mkononi.

"Afande, nikamtoe mimi. Nilimfunga mimi, na ile kufuli ya yadi nitaifungua mimi, mbele ya wateja wake wote." Alisita. "Nitamwambiaje?"

"Mwambie pole."

"Hiyo peke yake?"

"Mwambie kwa sauti, sokoni pale. Ndilo analolitaka."

Jumamosi saa nne, wakati ambao utepe ungekatwa hotelini, bibi harusi alitoka kwao Mwabungo. Safari hii hakufichwa. Leso zilibaki mabegani mwa akina mama, naye akapita juu yao wazi, katika jua. Walikuwa wakimpeleka pale njia ya wote ya kwenda pwani inapoachana na barabara kuu. Ndolo alikuwa amewatangulia tangu asubuhi, akachomelea jukwaa kwa vyuma vyake mwenyewe, na Nthambi ameketi kando na chupa ya chai ambayo sasa hakuna wa kuirudisha. Watu wa magazeti walikuja huko huko. Bwana Mwanzia naye alikuja, akasimama nyuma ya umati.

Barabarani Chirau aliinua mkono. Tuktuk zikasimama. Basi la watalii likasimama. Matari yakakaribia, na kwa mazoea shingo yake ikaanza kuinama. Akaikataza. Bi Subira ameshasema watu wamtazame, basi atamtazama. Akavua miwani ili amwone kwa macho yake.

Alikuwa mkubwa, alikuwa mzuri, na alikuwa na kila kitu. Vizibo vilimwaka kifuani kama dhahabu ya kweli. Mkia wake wa vichupa na sapatu ulipita ukilia kwa kugongana, jina la hoteli likisomeka kila hatua, na nyuma ya mkia Twaiba ametuna kama mama mzaa chema. Kiunoni alikuwa amefungwa mkanda wa miwani za jua zilizovunjika, nyingi, za kila rangi. Na kwenye mkanda huo, upande wa Chirau kabisa, ilikuwamo moja iliyofungwa mkono kwa uzi mwekundu.

Aliitambua mara moja. Akaitazama ile mpya iliyokuwa mkononi mwake, kisha akamtazama Bi Subira aliyekuwa akipita. Bi Subira alimwona, akaona alichokiona, akatabasamu na kuendelea kuimba.

Nyuma yake honi zilianza. Mbithe akamkaribia.

"Afande, magari yamejaa mpaka Ukunda. Niyaruhusu?"

Chirau alitia miwani mfukoni, akanyoosha mgongo, na mkono wake akauinua juu zaidi.

"Yasubiri," alisema. "Binti yetu anapita."